Mjadala: Baba wa kwenye matangazo mbona kila siku zuzu?

Babu Kaniki (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele. Hoja yangu haina kona nyingi. Angalieni matangazo ya sabuni, siagi, uji wa watoto, viungo vya mchuzi. Mama anajua kila kitu. Baba akionekana, basi kaunguza ugali, kafua shuka jeupe pamoja na fulana nyekundu, au kakaa kwenye kochi anasubiri sahani kama mgeni rasmi. Mtoto wa miaka sita anamcheka, wimbo unaanza. Hamia tangazo la bia: baba yule yule kifua kimejaa, marafiki wanne, gari linang'aa. Wa katikati, yule anayelipa ada na kuinjika maharage, hayupo.

Uingereza wamelitungia kanuni. Tangu Juni 14, 2019 tangazo lenye dhana ya kijinsia inayoweza kuleta madhara au kuudhi watu wengi haliruhusiwi. Agosti mwaka huohuo ASA, chombo chao cha kusimamia matangazo, kikalizuia tangazo la jibini la Philadelphia: kina baba wawili wamenogewa na chakula mgahawani, watoto wao wachanga wakabebwa na ule mkanda unaozungusha sahani. Walalamikaji 128. Sasa nauliza: TCRA, wasimamizi wa mawasiliano huku Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano kule Kenya waweke kanuni ya aina hiyo, au tutaonekana tunadeka?

Kibao Kata

Nimekaa pale, na karanga zangu.

Mwandishi wa Sekunde 30

Mkuu Kaniki, baba hafanywi zuzu kwa chuki. Ni hesabu ya muda. Tangazo la TV lina sekunde 30. Toa 4 za mwisho, hizo ni za kopo na kaulimbiu. Toa 6 hadi 8 za bidhaa yenyewe ikifanya kazi: povu, doa linang'oka, mvuke unapanda. Unabaki na kama 19 za kuleta tatizo na kulimaliza. Maana yake mtu mmoja lazima akosee ndani ya sekunde 5 za mwanzo, na mtazamaji aelewe hata sauti ikiwa imezimwa. Nani akosee? Mtoto akikosea anatia huruma, hachekeshi. Mama akikosea mteja anagoma, maana kwenye karatasi ya maelekezo ya kazi mlengwa ni "mama wa miaka 25 hadi 40, mwamuzi wa manunuzi ya nyumbani", na huwezi kumcheka mwenye pochi. Dada wa kazi akikosea siku hizi watu wanakuja juu, na ni haki yao. Amebaki baba.

Redio ndiyo mbaya zaidi. Sekunde 30 za Kiswahili zinabeba maneno 60 hadi 65 kama unataka msomaji apumue. Maneno yetu ni marefu. Ukileta maandishi ya Kiingereza ya maneno 80 ukayatafsiri bila kupunguza, msomaji anakimbia kama dalali wa mnada. Kwa hiyo inatafutwa njia ya mkato: sauti nzito ya kiume ni benki, saruji na betri; sauti ya mama ni unga na sabuni; sauti ya kiume inayobabaika ni baba wa nyumbani. Msikilizaji kaelewa ndani ya sekunde 2 na umeokoa maneno kumi.

Kipimo chepesi cha kulikagua: liandike upya, pale penye baba weka mama. Likiendelea kuchekesha, ulikuwa utani. Likianza kuudhi, basi kilichokuwa kinachekesha ni ubaba wake, siyo kosa alilofanya.

Chuma cha Pua

"Amebaki baba." Yaani mnakaa kwenye kiyoyozi mnachagua nani wa kudhalilisha, kisha mnatuletea hesabu za sekunde! Na nyie mnaolalamika ni walewale. Mwanaume kamili hatishwi na tangazo, hata kuliangalia haangalii. Mwanaume gani kwanza anabadilisha pampas? Hao ni wanaume wa Dar, wa kunywa soda kwa mrija na kufunguliwa mwavuli na manyunyu.

Kibao Kata

Wanaume wa Dar wametajwa. Naongeza karanga.

Temeke Mwisho wa Lami

Chuma, usituchokoze. Mrija kazi yake ni usafi, chupa imelala ghalani na panya. Wewe wa mkoani unayefuta mdomo wa chupa kwa kiganja baada ya kushika mia tano ya noti ya zamani ndiyo umefuta nini?

Chuma cha Pua

Noti ya mia tano ilishakuwa sarafu siku nyingi, kwa hiyo hata hela hushiki. Nimesema na narudia: pampas ni kazi ya mama. Mwanaume hajaumbiwa vidole hivyo.

Mama Pili

Chuma mwanangu, mrija na noti nakuachia. La vidole sikuachii. Pampas haivalishwi kwa jinsia, inavalishwa kwa utaratibu, na anayekosea anakosea mahali palepale awe mke awe mume.

Kwanza vitu vyote viwe mkononi kabla hujafungua: pampas mpya, kitambaa laini au pamba, maji ya vuguvugu, kitambaa cha kukaushia. Watoto hawadondoki kwa sababu baba ni baba. Wanadondoka kwa sababu aliyebadilisha aligeuka kufuata pamba. Telezesha ile mpya chini ya makalio kabla ya kuondoa chafu. Upande wenye vibandiko unakaa mgongoni, wengi wanageuza. Wa kike unafuta kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe usirudi, usije ukapeleka choo kwenye njia ya mkojo. Wa kiume mfunike kitambaa haraka, ubaridi ukimpiga tu anakukojolea usoni, na wakati wa kufunga uume uelekee chini, la sivyo utavuja kwenye kitovu. Kichanga ambaye kitovu hakijadondoka unakunja ukingo wa mbele uwe chini ya kitovu kipate hewa. Ukifunga, vidole viwili vipite kiunoni.

La mwisho ndilo wanalosahau hata bibi zao: zile kingo laini za mpira za mapajani zipitishe kidole uzichomoe nje. Zikibaki zimekunjika kwa ndani, choo kinapita pembeni kinapanda mpaka mgongoni, na hapo ndipo mama mkwe anasema "baba huyu hajui". Ni ukingo uliokunjika, mwanangu. Hakuna la ziada.

Kibao Kata

Chuma alikuja kutetea ndevu, anarudi na kadi ya kliniki.

Mwandishi wa Sekunde 30

Mama Pili, umeandika tangazo na hujalipwa. Kumwonyesha baba akivujisha, kisha anachomoa ule ukingo na kazi inaisha, ni sekunde 30 kamili, kosa lipo na ucheshi upo. Tofauti ni kwamba kosa lina sababu na linatatuliwa na aliyelifanya. Mwaka 2012 huko Marekani Huggies walitengeneza matangazo ya kuwapa kina baba watoto ili pampas ipewe "mtihani mgumu kuliko yote". Wazazi wa kiume walikasirika, wakakusanya saini kwenye mtandao, kampuni ikabadilisha. Kilichowaudhi ni wazo kwamba baba mwenyewe ndiye hatari ambayo pampas inabidi iistahimili.

Kipara Ngoto

Ndiyo maana sitaki kanuni. Leo baba asichekwe, kesho mama asionekane jikoni. Uingereza ndiko walikofikia, mwanamke akishika ufagio kwenye TV kampuni inapigwa faini.

Sharifa wa Shangani

Hebu Kipara, hilo umelitoa wapi? ASA haitozi faini. Ni chombo cha watangazaji wenyewe, kinaendeshwa kwa mchango mdogo wa asilimia 0.1 ya fedha za kununulia nafasi za matangazo. Kikikuona umekosea kinaamuru tangazo liondoke, basi. Ukibisha kwenye televisheni ndipo kuna Ofcom, msimamizi wa utangazaji, mwenye leseni mkononi.

Wala hawakukataza mwanamke kufagia au mwanamme kushika nyundo. Mwongozo wao unasema wazi kuwa hayo yanaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni mtu ashindwe kazi kwa sababu tu ni mke au ni mume, na mfano wao ndio huohuo mnaopigania hapa tangu asubuhi: mwanamme asiyeweza kubadilisha nepi, mwanamke asiyeweza kuegesha gari. Siku ile ile ya Philadelphia waliondoa na la gari la umeme la Volkswagen. Humo wanaume wanaelea kwenye chombo cha angani na mwanariadha mwenye mguu wa bandia anaruka, mwanamke kakaa kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Hilo lililalamikiwa na watu watatu tu.

Kipara Ngoto

Watu watatu! Yaani watu watatu wanaangusha tangazo la mamilioni. Bibie umenisaidia hoja yangu bila kujua.

Sharifa wa Shangani

Sikukusaidia kitu. Hakimu hahesabu mashahidi, anapima ushahidi. Wingi wa malalamiko unaonyesha tangazo limeonekana na wangapi wenye muda wa kuandika. Na la kuchukiza zaidi kwa watangazaji, matangazo yote mawili yalikuwa yamekwishapita kwa Clearcast, wale wanaokagua kabla hayajarushwa. Ukaguzi wa mwanzo haukuona ubaya, wa pili ukaona. Hapo ndipo ungeshika, ungekuwa na la kusema. Umeshika idadi.

Na mie si bibie wako.

Omosh254

Wadau wa Bongo mambo? Kipara ana point, mnamwonea. Waulizeni Gillette. Walileta tangazo 2018 la kufunza wanaume tabia, wanaume wakatupa nyembe, kampuni ikapoteza bilioni nane za dola. Soko liliongea. Sisi huku tulilelewa na Michael Power wa matangazo ya bia ya Guinness, mwanaume anaokoa watu, anapiga majambazi, hasemi sana. Hakuna mtu alilia ati ni dhana potofu.

Mwandishi wa Sekunde 30

Omosh, tangazo lilitoka Januari 2019. Kaulimbiu yao ya tangu 1989, kwamba huo ndio wembe bora kuliko yote anayoweza kupata mwanaume, iligeuzwa iwe ubora anaoweza kuufikia mwanaume mwenyewe, na waliahidi dola milioni 1 kila mwaka kwa miaka mitatu kwa mashirika yanayofanya kazi na wavulana. Bilioni 8 zipo kweli, zilitangazwa Julai mwaka huohuo, ila si fedha iliyotoka dukani. P&G waliinunua Gillette 2005 kwa takriban dola bilioni 57, na walichofanya ni kushusha thamani yake vitabuni. Sababu walizotoa ni fedha za nchi nyingine kuporomoka mbele ya dola, wapinzani wapya, na wanaume kunyoa mara chache kuliko zamani. Ndevu ziliwaumiza kuliko hasira.

Kosa la lile tangazo ni la kiufundi. Zaidi ya dakika moja na nusu, wembe haufanyi kazi yoyote humo ndani. Ulimfundisha mteja, hukumuuzia. Linganisha na Ariel wa India 2015, kampuni mama ni ileile: waliuliza kwa nini kufua ni kazi ya mama peke yake, na jibu likawa baba kuwasha mashine yenye sabuni yao. Baba hakutukanwa, na sabuni ilikuwa mkononi.

Omosh254

Sawa, tarehe nimekupea. Lakini Michael Power umemruka, buda.

Mwandishi wa Sekunde 30

Simruki. Alianza 1999, kazi ya kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi, mwigizaji Cleveland Mitchell. Walimtengeneza mtu asiye na nchi makusudi: haonekani ni Mkenya, Mnaijeria wala Mghana, ili tangazo moja lizunguke Afrika nzima. Vilikuwa vipande vifupi vya filamu, mpaka ikatengenezwa ya sinema. Jina lenyewe ni "nguvu", na kaulimbiu ilisema Guinness inatoa nguvu iliyo ndani yako. Sasa mwangalie kwa macho mengine: hana mke, hana mtoto, hana bosi, hana kodi ya nyumba. Ukimpa mtoto wa kumpeleka shule, hadithi inakufa. Hutaona bia inayouzwa na mwanaume mwenye ratiba.

Kibao Kata

Mwanaume mwenye ratiba ni mpinzani wa bia, hilo lipo wazi.

Chuma cha Pua

Mwandishi unajua sana lakini bado hujajibu nani kakupa ruhusa ya kutuchagua sisi. Na Mama Pili, hizo pampas zenye namba, mtoto wa kilo 9 na nusu ni namba ngapi? Nauliza kwa niaba ya anayetaka kujua.

Mama Pili

Kilo 9 na nusu yuko mpakani, namba 3 inamwishia, namba 4 ndiyo inaanza. Angalia mapaja: ukikuta alama nyekundu za mpira, au vibandiko havifiki katikati ya tumbo, hamia 4. Akivuja usiku tu na mchana yuko salama, hamia 4 pia.

Kipara Ngoto

Turudi kwenye hoja jamani. Mimi nasema tangazo halimuumbi mtu. Mwanaume anaumbwa na nyumba aliyokulia, mila na jando. Tangazo ni kioo tu.

Sharifa wa Shangani

Kioo? Marlboro ilikuwa sigara ya wanawake, tangu miaka ya 1920 ikiuzwa kwa ulaini wake. Katikati ya miaka ya 1950 wenyewe walitaka kuuza yenye kichungi, na mwanamme wa Kimarekani wa wakati ule akiona kichungi ni kitu cha kike. Wakaenda kwa Leo Burnett, mtengeneza matangazo wa Chicago. Hakuondoa kichungi. Aliweka juu yake mchunga ng'ombe, kofia na farasi. Kichungi kilekile cha kike kikawa cha madume. Kioo gani hicho kinachobadilisha sura ya anayejitazama? Na baadhi ya waliovaa ile kofia kwenye picha walikufa kwa maradhi ya mapafu.

Kipara Ngoto

Wamarekani hao. Hapa kwetu?

Babu Kaniki (mleta mada)

Kipara, hapa kwetu tangazo limetuachia hata neno. "Fataki" zamani ilikuwa baruti ya sikukuu. Mwaka 2008 kampeni ya redio ya kulinda wasichana na VVU ikampa jina hilo mtu mzima mwenye pesa anayewanyemelea wanafunzi. Vipande vilijengwa kwa mtindo mmoja: Fataki anatupa ndoano, chipsi, simu, lifti, halafu mtu wa pembeni anaingilia na jaribio linavunjika. Msichana hafanywi mjinga, na msikilizaji anaonyeshwa kazi yake, kwamba yule wa pembeni ni wewe. Leo mtoto ambaye hakuwahi kuisikia redio hiyo anamwita mzee fulani fataki.

Hapo mwanaume kachorwa vibaya na sikulalamika, maana kilichochorwa ni kitendo. Ila kwa kusema kweli, mzee wa miaka 55 akimpa lifti mjukuu wa jirani kwenye mvua, anatazamwa. Hilo nalo ni la tangazo.

Temeke Mwisho wa Lami

Mnasema Fataki, mmesahau "dondosha mkono sweta"? Kampeni ya tohara. Kondomu nayo ikaitwa Dume. Afya yenyewe ikitaka kumfikia mwanaume inapitia kwenye udume, inamtania kwanza.

Mama Pili

Lile la tohara lilikuwa na sayansi nyuma yake: majaribio matatu, Afrika Kusini, Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda, yalionyesha inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa kama asilimia 60. Utani uliwaleta vijana kwenye foleni. Shida ya utani ni kwamba hausemi sehemu ya pili: asilimia 60 siyo 100, kondomu iko palepale, na wiki 6 za kupona bila kushiriki ngono. Mtu akija kwa kukimbia kuchekwa, anaondoka akidhani kumaliza kuchekwa ndiyo kinga.

Fundi Mikeka

Mnabishana kuhusu sabuni na siagi wakati mwanaume anapigwa kwenye mkeka, ile tiketi ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja. Matangazo ya kubeti ndiyo yamemshika kijana sasa hivi. Humo hakuna baba zuzu, kuna kijana aliyetoboa: jezi, simu, ujumbe umeingia, washikaji wanamrukia. Fundisho ni kwamba mwanaume mwenye akili anaijua mpira, na anayeijua mpira analipwa.

Fanyeni hesabu. Mkeka wa mechi 10, kila moja odi 1.5, yaani ukipatia dau linazidishwa mara 1.5. Zidisha, inafika kama 57.7, elfu yako inageuka 57,700, tangazo linaishia hapo. Sasa upande wa pili. Odi 1.5 inadai mechi ina uwezekano wa asilimia 66.7. Tuseme kampuni imejiwekea faida ya asilimia 5 kwenye kila mechi, uwezekano halisi ni kama 63.5. Zidisha mara kumi: kama asilimia 1.07. Yaani mkeka mmoja katika 94. Kwa wastani kila elfu inarudi 614. Mechi moja ingekurudishia 952. Kila mechi unayoongeza, kampuni inakata tena. Ndiyo maana tangazo halionyeshi mtu wa mechi moja, linaonyesha mkeka mrefu.

Omosh254

Huku 2019 bodi ya kamari ilipiga marufuku masupastaa kutangaza kamari, mabango ya barabarani, na TV kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Tena Aprili 29, 2025 wakasimamisha matangazo yote siku 30.

Kipara Ngoto

Na watu wakaacha kubeti? Haya.

Fundi Mikeka

Jezi zilibaki na majina ya kampuni vifuani, Kipara. Huwezi kuzima TV ukaacha kifua cha mshambuliaji. Simba na Yanga wote walivaa SportPesa mwaka 2017, mnakumbuka? Watani wa jadi, mdhamini mmoja. Tangazo la dakika 90.

Temeke Mwisho wa Lami

Usiiguse Yanga bila sababu.

Fundi Mikeka

Nimetaja wote wawili!

Temeke Mwisho wa Lami

Umeanza na Simba. Tunajua unakoelekea.

*(Yakafuata majibu mengi ya jezi, penalti na nani alifungwa tano. Mleta mada aliomba mara mbili watu warudi kwenye mada.)*

Mpima Dawa

Nimesoma tangu juu. Chuma alisema mwanaume kamili hatishwi na tangazo. Hesabu karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu nawe, halafu uje.

Tangazo la "nguvu za kiume" limejengwa kwa ustadi kuliko la sabuni. Mstari wa kwanza ni hofu kwa herufi kubwa. Mstari wa pili ni vipimo: dakika ngapi, inchi ngapi. Vipimo hivyo havikuwa kichwani mwako kabla ya kusoma, vimewekwa na karatasi. Kisha mchanganyiko: mpenzi aliyekimbia, kesi, kazi, mali. Mwisho namba ya simu. Bei haipo, na haipo kwa makusudi. Ukipiga, anasikia sauti yako inavyotetemeka, bei inapangwa hapo.

Kinachofichwa ni hiki. Kusimama kwa uume ni suala la mishipa ya damu. Mishipa ya pale ni myembamba kuliko ya moyo, ikianza kuziba tatizo linajitokeza pale kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya moyo. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 mwenye shida hiyo anatakiwa apimwe presha, sukari kabla ya kula, mafuta ya damu, na homoni asubuhi, na aulizwe anatumia dawa gani, maana baadhi ya dawa za presha zenyewe zinaleta shida hiyo. Kijana wa miaka 24 ambaye alfajiri anaamka kawaida na akiwa na mwenzake anashindwa, mara nyingi tatizo ni wasiwasi, na wasiwasi wenyewe umetoka kwenye ile karatasi.

Halafu unga wenyewe. Ukiambiwa ni mizizi mitupu, ukanywa, ndani ya saa moja mambo yako tayari, uso unawaka, kichwa kinagonga na pua inaziba, hizo ni dalili za sildenafil, dawa ya viwandani iliyotwangwa humo. Hospitali inatolewa kwa miligramu 25, 50 au 100, mara moja kwa siku na si zaidi. Kwenye kijiko cha unga hakuna anayejua ni ngapi. Na anayeweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, akichanganya na huo unga, presha inaporomoka ghafla. Hapo hakuna cha udume.

Kibao Kata

Mpima Dawa, hilo la pua kuziba umelieleza kwa uchungu sana.

Mpima Dawa

Cheka, ila lisome mara mbili.

Chuma cha Pua

Sasa huyu ndiye kaongea. Kuliko kuhangaika na baba wa siagi, hawa wa nguzo ndio wanaodhalilisha wanaume. Nilisema tangu mwanzo.

Sharifa wa Shangani

Ulisema mrija tangu mwanzo.

Mwandishi wa Sekunde 30

Tofauti na siagi, kwa hao sheria haihitaji kutungwa. Kudanganya mlaji kwenye biashara kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003, na tiba asili ina sheria yake ya 2002 na Baraza lake. Kilichopungua ni mtu wa kuifuata ile namba ya simu.

Babu Kaniki (mleta mada)

Basi niulize upya, maana mada imeniponyoka na sioni aibu. Zile karatasi abandue nani? Halmashauri, mwenye nguzo, au mwenyekiti wa mtaa?

Kipara Ngoto

Ukibandua asubuhi, jioni ziko.

Fundi Mikeka

Inategemea unavyobandua. Nyingi zimegandishwa kwa uji wa unga wa ngano, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 4 vya maji, umechemshwa. Ukizichana kavu unaacha nusu, na hiyo nusu inashika karatasi mpya vizuri kuliko nguzo tupu. Lowesha kwa maji ya moto, subiri dakika 10 hadi 15, kwangua kwa bati butu kutoka juu kwenda chini, kisha sugua uji uliobaki. Nguzo ya zege ni rahisi. Ya mti uji umeingia kwenye nyufa, rudia mara mbili.

Temeke Mwisho wa Lami

Na zile zilizopigwa rangi kwa bati lililotobolewa?

Fundi Mikeka

Hizo maji hayasaidii. Pitisha rangi juu ya tarakimu mbili za mwisho za namba ya simu tu, usihangaike na maneno.